Fundi wa majengo, tafuta chanzo kwanza

Nilipoajiriwa mara ya kwanza kutunza ghorofa hapa Dar es Salaam, nilikuwa na cheti cha umeme wa majumbani, basi. Wiki ya pili maji yakakatika ghorofa za juu. Pampu imeungua. Tukanunua mpya, nikaifunga, maji yakapanda, wapangaji wakanishukuru. Haikumaliza miezi miwili, nayo ikaungua.

Mzee mmoja, fundi bomba, ndiye aliyenipeleka hadi kwenye tenki la chini, akafunua mfuniko na kumulika kwa tochi. Swichi ya boya, ile inayoelea na kuzima pampu maji yakishuka, ilikuwa imenasa kwenye bomba, imekaa juu kana kwamba tenki limejaa. Kwa hiyo maji yakiisha, pampu inaendelea kuzunguka kavu. Sili inayozuia maji yasiingie kwenye mota inapata moto, inachakaa, maji yanapenya. "Mwanangu, umebadilisha kilichokufa," akaniambia, "hujauliza kimekufa kwa nini."

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha umeme, bomba na viyoyozi kama fani tofauti, na ni sawa kabisa kuanza na moja. Ila jengo lina zote kwa pamoja. Jumamosi zako chache nenda ukamshikie spana fundi wa fani nyingine. AC ikidondosha maji ndani, wengi hukimbilia kujaza gesi, kumbe mara nyingi ni bomba la kutolea maji limeziba kwa uchafu. Kama umejifunzia mtaani na huna cheti, VETA hao hao wana utaratibu wa kupima ujuzi wako na kuurasimisha. Na kazi ya kufunga umeme inataka leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hata bosi akikuharakisha vipi.

Kuhusu umeme nakusihi sana: usiamini breka iliyozimwa. Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme, pima waya unaotaka kuushika, kisha rudi kwenye soketi ile ile. Testa mbovu itakuambia kila waya ni salama.

Halafu nunua daftari, liwe lako, si la ofisi. Kila kazi andika tarehe, kifaa, dalili uliyoikuta, chanzo chake na ulichofanya. Ikifika jioni nafasi ya chanzo bado iko wazi, kazi hiyo hujaimaliza. Kesho anza nayo.