Mtu avunjike mara ngapi ndipo aache?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikitoka zamu ya usiku, nikaona jibu lake halitoshi kwenye simu. Umesema goti limepasuliwa mara ya pili, daktari anakwambia mpira si lazima, na sasa unaniuliza mimi: mtu avunjike mara ngapi ndipo aache? Kisha ukanitajia Jason Doyle, yule Mwaustralia wa mbio za pikipiki, ukijua hapo umenishika pabaya.

Maana aliyekuzoesha kwenda Blunsdon, kwenye uwanja wa mbio hizo, ni mimi. Tulikuwa tunarudi nyumbani Swindon, hapa Uingereza, na vumbi mpaka masikioni. Pikipiki za spidiwei ulizicheka: gia moja, breki hakuna, tangi la methanoli, watu wanne wanafyatuka pamoja, mizunguko minne wakikata kona za kushoto tu, imekwisha. Uliniuliza bila breki wanasimamaje, nikakujibu wengine husimamishwa na ukuta. Utani mbaya ule.

Mwaka 2016 Doyle alikuwa akiongoza mbio za ubingwa wa dunia. Zilibaki raundi mbili, Toruń kule Poland na Melbourne kwao Australia. Toruń akaanguka, bega likachomoka, pafu likaumia. Raundi ya mwisho ikapita bila yeye, na taji likaenda kwa Greg Hancock, Mmarekani wa miaka 46. Niliona uchungu kama vile deni ni langu.

Msimu uliofuata akavunjika mfupa wa mguu. Akawa anakuja uwanjani kwa magongo, anashindana, akishuka anayachukua magongo yake anaondoka. Oktoba 2017, Melbourne ileile, akawa bingwa wa dunia. Wewe uliruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Uliona ushujaa, na ulikuwepo kweli. Mimi niliona na bili. Wale hulipwa kwa pointi: wa kwanza 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho patupu. Pikipiki zake, mafundi wake, vipuri juu yake, leo Uingereza, kesho Poland au Sweden. Akilala kitandani, pointi atazipata wapi? Hilo nililijua bila kuelezwa. Mwaka ule mgongo uliponikaza nilikwenda ghalani kupanga maboksi, kwa kuwa siku usiyokwenda hulipwi. Mama yako alinifunga kanga kiunoni kabla sijavaa jaketi. Wewe ulidhani baba yako ni chuma, nami nikakuacha udhani hivyo.

Sasa usimkumbuke Doyle peke yake. Mkumbuke na Darcy Ward, Mwaustralia mwenzake, kipaji ambacho mimi nilikiona kikubwa kuliko vyote vya rika lake. Agosti 2015, Zielona Góra kule Poland, miaka 23 tu, akaanguka mbio ya mwisho ya siku. Akapooza miguu. Hakuwa amekosa moyo.

Wewe timu yako ya Jumapili haikulipi hata nauli. Kwa hiyo hesabu ya Doyle si yako, na yangu ya ghalani vilevile. Ukirudi uwanjani nitakuja kukutazama. Ukiacha, usiache kwa kujificha, ukidhani nitakuona mnyonge. Lile la mgongo nilipaswa kukwambia zamani.

Jumamosi nakuja kukupeleka kwenye mazoezi ya goti, saa nne asubuhi. Ningoje juu, usianze kushuka ngazi kabla sijafika. Mama amekukaangia sambusa.

Baba yako