Kabla hujamhukumu aliye kizimbani

Kesi ya kwanza ya mauaji niliyotumwa kuripoti, nilimtia mshtakiwa hatiani kichwani mwangu kabla ya saa sita mchana. Alionekana na marehemu usiku ule, simu ya marehemu ilikutwa kwake, na kesho yake akahama mji. Hakuna aliyemwona akiua; ulikuwa ushahidi wa kimazingira tu, yaani dalili za kuunganishwa, lakini mimi niliridhika. Kisha wakili wa utetezi akamwuliza mwenye nyumba: mlango wa marehemu ulikuwa na funguo ngapi? Nne. Polisi walizipata mbili.

Tangu hapo ukurasa wa daftari langu naugawa kwa mstari. Kushoto naandika jambo lililothibitishwa. Kulia, kila maelezo mengine ya jambo hilo yasiyomfanya mshtakiwa muuaji. Fanya hivyo nawe, uwe ndugu wa marehemu, wa mshtakiwa au mtazamaji tu. Simu: labda aliinunua, aliiokota, au aliiiba, na mwizi si lazima awe muuaji. Kuhama: hatia au woga? Wasio na kosa nao hukimbia, nimewaona.

Usiandike ndoto, lakini. "Huenda jini alimuua" si shaka ya kumwokoa mtu. Na upande wa kulia ukibaki mtupu, ushahidi wa kimazingira hauna unyonge wowote. Mara nyingi naupendelea kuliko shahidi aliyeona sura gizani kwa sekunde mbili. Mwaka 1955 mahakama ya rufani ya Uingereza ilibariki hukumu ya mauaji dhidi ya Michail Onufrejczyk, ilhali maiti ya mwenzake aliyeshtakiwa kumuua haikupatikana kamwe.

Kinachonitisha zaidi ni ushahidi unaokuja umevaa koti jeupe la maabara. Lindy Chamberlain wa Australia alifungwa maisha mwaka 1982 kwa kumuua bintiye mchanga. Yeye alisema mtoto alichukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa kule. Wataalamu waliapa kwamba ndani ya gari lake mlikuwa na damu ya kichanga. Baadaye ikaonekana sehemu ya ile "damu" ilikuwa dawa ya kuzuia kelele, iliyopulizwa garini kiwandani. Mwaka 1986 kikoti cha mtoto kikapatikana karibu na mapango ya dingo, mama akaachiwa. Kwa hiyo mtaalamu akitaja matokeo, sikiliza kama kuna anayemwuliza kipimo hicho hukosea vipi.

Halafu kuna lile swali la kila korido ya mahakama: "Kama hakuua, mbona haelezi alikuwa wapi?" Hana deni hilo. Mwaka 1935 Reginald Woolmington wa Uingereza, aliyedai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mkewe, alifutiwa adhabu ya kifo kwa sababu jaji aliliambia baraza la raia wanaoamua hatia kwamba ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha ajali. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho. Hata mshtakiwa akidanganya, uongo huo peke yake hauzibi tundu lililo katika ushahidi wa mashtaka.

Yule mtu wa kesi yangu ya kwanza aliachiwa. Mama wa marehemu alinishika mkono nje, akaniuliza: "Sasa mwanangu kauawa na nani?" Sikuwa na jibu. Zile funguo mbili, nijuavyo mimi, hakuna aliyezitafuta.