Nairobi hadi New York: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Umbali na Muda wa Safari

Swali: Nimegawanya umbali kwa mwendo wa ndege nikapata saa 13. Mbona wanasema ni saa 15?

Jibu: Kwa njia fupi kabisa ni takriban kilomita 11,800, kwa hiyo hesabu yako ni sahihi iwapo ndege ingekwenda kilomita 900 kwa saa tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wa tiketi, hata hivyo, huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka ilipoegeshwa, nao hujumuisha kupaa, kushuka na kuzunguka uwanjani. Kisha kuna upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huzidi wakati wa baridi; ndege ikikabiliana na upepo wa kilomita 100 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi hubaki kilomita 800 tu. Wakati wa kurudi, upepo uleule huisukuma. Ndiyo maana Kenya Airways, ilipoanzisha safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na takriban saa 14 za kurudi.

Swali: Mama yangu anaondoka Nairobi saa tano usiku mwezi Januari. Nimpokee saa ngapi?

Jibu: Ukijumlisha saa 15, Nairobi itakuwa saa nane mchana wa siku ya pili. Januari New York iko nyuma kwa saa 8, kwa hiyo kwenu itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi itaandika 06:00. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba tofauti hupungua kuwa saa 7, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele ilhali Kenya haibadilishi. Mpe pia nafasi ya foleni ya uhamiaji na kusubiri mizigo. Kwa mzee aliyekaa kitini usiku kucha, ni vyema kuomba kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi.

Swali: Je, ni kweli kwamba uwanja wa Nairobi huipunguzia ndege mzigo?

Jibu: Ni kweli. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hivyo injini hutoa nguvu kidogo na mabawa hupata msaada mdogo wa kuinua ndege. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huenda ikalazimika kupunguza shehena au abiria. Ubaridi wa usiku husaidia, kwani hewa baridi ni nzito zaidi.

Swali: Nikipitia Amsterdam au Doha, nitazunguka sana?

Jibu: Amsterdam huongeza kilomita 700 hivi tu, maana njia fupi yenyewe hupanda kaskazini-magharibi kupitia Sahara. Doha huongeza zaidi ya kilomita 2,000. Kwa vyovyote vile, angalia kwanza saa za kusubiri ndege ya pili, kwa sababu hizo ndizo hurefusha safari kuliko kilomita.