Maswali marefu ya sheria: kwa mnaoanza mwaka huu

Wadogo zangu mlioanza stashahada na shahada ya sheria mwaka huu, mlioko Amu (mji wa Lamu), Malindi na vijiji vya katikati, kila tukikutana mnaniuliza jambo lile lile. Maswali mafupi mnayamudu, ila swali la alama 20 linalosema "tathmini" au "jadili kwa kina" linawakausha mate.

Wengi hudhani wanaanguka kwa sababu hawajui sheria. Nimesoma majibu yenu mengi ya mazoezi, na sheria mnaijua. Mwanafunzi anakinukuu Kifungu cha 42 cha Katiba, kinacholinda haki ya mazingira safi, neno kwa neno, anaongeza cha 69 na cha 70, anapiga mstari chini kisha anahamia swali jingine. Lakini mtahini hakuuliza Katiba inasema nini. Aliuliza ulinzi huo unafanya kazi kiasi gani, na kuhusu hilo ukurasa mzima hauna hata sentensi moja.

Chukueni swali hili ambalo huja kwa sura nyingi: sheria ya Kenya inailinda kwa kiasi gani haki ya jamii ya kuishi katika mazingira safi? Sisi wa pwani ya kaskazini tuna bahati, kwani kesi mbili nzito za kulijibu zimetoka mlangoni petu.

Ya kwanza ni ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, waliokwenda kortini mwaka 2012 kuhusu bandari ya Lamu iliyo chini ya LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na reli wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilisema haki za wakazi zilivunjwa, zikiwemo za mazingira, utamaduni, kupata habari na kushirikishwa, ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ya pili ni ya Save Lamu, muungano wa wakazi, dhidi ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na kampuni ya Amu Power, kuhusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, huko huko Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira liliifuta leseni iliyotolewa na NEMA, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mwanafunzi wa kawaida atazisimulia kesi hizi mbili moja baada ya nyingine, naye atapata alama za kusimulia tu. Ziwekeni ubavu kwa ubavu muone zinavyopishana. Kwenye bandari, hukumu ilitoka kazi ikiwa imeshika kasi, na gati la kwanza likazinduliwa Mei 2021 huku wavuvi bado wanadai pesa zao. Kwenye makaa ya mawe, leseni ilifutwa mtambo haujajengwa. Hapo mnaweza kuanza jibu lenu hivi: "Sheria inaulinda mwambao vizuri zaidi inapoingilia kabla ya ujenzi; bahari ikishachimbwa, kinachobaki kwa mahakama ni kufidia, na fidia huchelewa." Hiyo ni hoja yenu wenyewe, na kila aya inayofuata ina kazi ya kuibeba.

Kisha ipingeni wenyewe kabla mtahini hajaipinga. Hukumu ya bandari haikuwa bure: ilitambua kwamba wavuvi wa asili wana haki juu ya maji wanayovulia, na kwamba serikali haiwezi kuanza mradi mkubwa bila kuwasikiliza wenyeji. Kesi nyingine zinaweza kusimama juu ya msingi huo. Pimeni pande zote mbili, halafu semeni mnaegemea wapi na kwa nini. Msimalizie kwa kusema kuna faida na hasara. Mtahini anayejua kazi yake anatafuta uamuzi wenu, hata kama yeye angeamua vingine.

Kuna na maswali ya kisa, ambayo nayo huwa marefu. Mfano: marehemu, Mwislamu wa mtaa wa Mkomani, Lamu, ameacha nyumba ya mawe na watoto watatu. Wawili wamekwenda kwa kadhi, wa tatu anasema hautaki uamuzi wa kadhi. Majibu mengi huanza kwa kusema kadhi husikiliza kesi za Waislamu, na tayari yameteleza. Kifungu cha 170(5) cha Katiba kina masharti zaidi ya hilo: suala liwe la sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Chukueni kila sharti mlilinganishe na kisa. Mirathi, ndiyo. Dini ya huyo wa tatu, je, kisa kimeitaja? Kama hakikuitaja, semeni hivyo, muonyeshe jibu litakavyobadilika upande huu na ule. Kukubali mamlaka, amekataa, na alama nyingi zimo humo. Anayekimbilia kugawa mafungu ya mirathi hajaulizwa hayo.

Someni hukumu zenyewe. Ziko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Zishusheni usiku mtandao ukiwa mwepesi, mzisome hata umeme ukikatika. Kesi chache mlizozielewa mpaka sababu za majaji zinatosha kuliko orodha ndefu ya majina. Na nendeni mkakae kortini, Lamu au Malindi, kwani mashauri mengi husikilizwa hadharani. Mtaona jinsi hakimu anavyomkatiza wakili anayesoma vifungu bila kuvihusisha na ushahidi.

Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, na najua hapo ndipo wengi hujiona wanyonge. Ushauri wangu ni kuipika hoja kwa Kiswahili kwanza. Kaeni barazani mkamweleze mjomba au bibi, mtu asiyejua sheria. Mvuvi mmoja mtu mzima, baada ya kuelezwa hukumu ya bandari kwa ufasaha mkubwa, aliuliza tu: "Sasa mwanangu, walilipwa lini?" Swali hilo lina tathmini zaidi ya kurasa nyingi za vitabu vya kozi. Mkiweza kulijibu kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza chake kitakuja hata kikiwa chepesi, na chepesi ni kizuri. Sentensi fupi zinasomeka.

Kuhusu muda, hesabu ni rahisi na bado inaangusha watu. Karatasi nyingi za vyuo vyetu ni za saa mbili: swali la kwanza la lazima lenye alama 30, na mawili ya kuchagua ya alama 20 kila moja. Alama 70 kwa dakika 120, kwa hiyo swali la alama 20 lina dakika 34 hivi, na la lazima lina kama 51. Dakika tano za mwanzo wa kila swali zitumieni kupanga: hoja yangu ni ipi, kesi zipi, nani atanipinga. Mazoezi fanyeni kwa kalamu na karatasi huku saa iko mezani, kwani mkono uliozoea simu huchoka upesi.

Na muda ukiwaishia katikati ya swali la mwisho, acheni aya mliyokuwa mnaipamba. Andikeni hoja zilizobaki kwa sentensi moja moja, kila moja na kesi yake, kisha msimamo wenu. Mtahini hawezi kuzipa alama zilizobaki kichwani.