Mzani wangu una namba mbili, nishike ipi?

SWALI: Habari za kazi. Nina mzani wa kioo wa digitali, ule wa kupanda na miguu, niko nao mwaka na zaidi sasa. Juzi asubuhi nimepanda ukasoma 71.8, nikashuka, nikausogeza kidogo na mguu maana ulikaa upande, kupanda tena 72.9! Zaidi ya kilo nzima na dakika haijaisha, mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. Afu nikiuacha palepale nikarudia, unanipa namba ileile mpaka nukta. Hapo ndo uko sawa au? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, mchawi umemtaja mwenyewe, ni huo mguu uliousogezea. Ugeuze huo mzani uangalie chini, utakuta vimiguu vinne kwenye kona, kila kimoja kina sensa yake (kifaa kidogo cha kuhisi uzito) inayobeba fungu la uzito wako, afu ndani humo mafungu yote manne yanajumlishwa. Sasa ukiusogeza au ukiusimamisha ukutani baada ya kupima (wengi tunafanya hivyo), sifuri uliyokuwa umeishika inapotea, na ukipanda ghafla unaanza kuhesabu kutoka kwenye sifuri ya uongo. Dawa yake ndogo tu: kila ukiuhamisha, ugonge na mguu mmoja uwake, toa mguu, subiri 0.0 itokee na uzime wenyewe, ndo upande.

Na sakafu iwe ngumu na imenyooka. Kwenye zulia vimiguu vinazama, tumbo la mzani linagusa chini na uzito mwingine unapitia huko bila sensa kuuona. Bonyeza kona moja moja na kidole, ukisikia inacheza tafuta sehemu nyingine, wakati mwingine ni kimiguu kimoja tu kimeangukia kwenye mfereji wa vigae. Ukishapata sehemu nzuri usiuhamishe tena.

Sasa hiyo ya namba ileile mpaka nukta, mi ndo inanitia wasiwasi zaidi, wala isikufurahishe. Mizani mingi ya digitali imetengenezwa ikumbuke: ukipanda tena na uzito ukakaribia ule wa mwanzo, haikuonyeshi kilichopimwa sasa hivi, inakurudishia namba ya kwanza ili uone mashine iko imara. Jaribu hivi, pima, shuka, shika chupa ya maji ya nusu lita upande tena, namba isipopanda hata kidogo ujue unaigiziwa. Kuuvunja huo mchezo beba kitu kizito, hata mtoto, panda naye usome, mshushe, afu upande peke yako.

Kujua kama unasema kweli huhitaji fundi. Lita 1 ya maji ni kilo 1. Panda umeshika ndoo tupu, andika, afu jaza lita 10 ulizopima kwa chupa (usiamini kipimo cha ndoo kwa macho), panda tena, tofauti iwe 10 au karibu kabisa na hapo. Ikija 9 au 11 kila ukirudia, angalia betri kwanza kabla hujautupa. Nasema hivyo kwa sababu mi nilishanunua mzani mpya kwa hasira, kumbe wa zamani ulikuwa unalia betri tu.

Mwili nao una yake, ukinywa nusu lita ya maji unapanda nusu kilo hapohapo, siku ya chumvi nyingi maji yanakaa mwilini, siku za mwezi hivyohivyo, kwa hiyo kucheza kilo moja au mbili kati ya asubuhi na usiku siyo mafuta hayo. Pima asubuhi ukitoka chooni, hujala hujanywa, nguo zilezile au bila, simama katikati miguu yote miwili na usiiname kusoma mpaka namba itulie. Afu chukua wastani wa wiki nzima ulinganishe na wiki iliyopita, hiyo ya leo na jana iache.

Kati ya 71.8 na 72.9 mi nisingeshika hata moja. Kesho asubuhi anza na ile ya kugonga na mguu, halafu mpe na mzee zamu yake apande tuone kama atacheka.