Mwanangu anaitiwa chuo Kupro: nilipe?

SWALI: Asalaam aleikum Babu. Wakala mmoja hapa mjini amempatia mwanangu chuo Kupro, mji wa Lefkoşa. Anasema huko ni Ulaya tu, akishafika atavuka aende atakako, na ada ya kwanza anaitaka mwezi huu. Jirani yangu aliyekuwa baharia anasema kisiwa hicho kimekatwa katikati kwa ugomvi wa Wagiriki na Waturuki. Ni kweli?
Mama wa kijana, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usilipe kwanza. Jirani yako amesema kweli, na wakala amekuficha nusu ya habari.

Wagiriki na Waturuki wa Kupro walikuwa wakikaa vijiji vimoja, msikiti hapa na kanisa pale. Chini ya Mwingereza, Wagiriki wengi walidai waunganishwe na Ugiriki. Waturuki, waliokuwa wachache, wakaogopa kumezwa. Kiongozi wa Wagiriki, Askofu Mkuu Makarios, alifukuzwa kwao mwaka 1956 akapelekwa Shelisheli, na njiani alipitishwa hapa hapa Mombasa. Uhuru ulikuja 1960, rais Mgiriki na makamu wake Mturuki. Haukupita muda. Desemba 1963 watu waliuana Nicosia, mji mkuu, na jenerali wa Kiingereza akachora mstari juu ya ramani kwa penseli ya kijani kuwatenganisha. Julai 1974 watawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Makarios, na siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakatua, yakashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki zaidi ya 160,000 walikimbilia kusini, Waturuki zaidi ya 40,000 wakahamia kaskazini. Waliopotea tangu 1963 ni 2,002, wa pande zote mbili, na mpaka leo mifupa yao inafukuliwa na wataalamu wa Kigiriki na wa Kituruki wakifanya kazi pamoja. Sisi tulioona fujo za Likoni mwaka 1997 tunajua uchungu wa jirani kumfukuza jirani.

Sasa ya kijana wako. Lefkoşa ni nusu ya kaskazini ya Nicosia. Serikali ya huko ilijitangaza 1983, na inatambuliwa na Uturuki peke yake. Kupro iliingia Umoja wa Ulaya 2004, lakini sheria za Umoja huo hazifanyi kazi kaskazini. Atapitia Uturuki, ashuke uwanja wa ndege wa Ercan huko kaskazini, na serikali ya kusini inahesabu kwamba aliyeingilia hapo ameingia kinyume cha sheria. Kwa hivyo hilo la kuvuka ni uongo. Akipata mashaka, ubalozi wa Kenya hatauona huko.

Sisemi vyuo vya huko ni vibaya. Waafrika wengi wanasoma. Lakini kiandikie chuo chenyewe, uwaulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada yake itakubaliwa hapa, na ada iingie akaunti ya chuo. Kisha mwambie wakala akuandikie kwa mkono wake ndege inashuka uwanja gani na viza ni ya serikali ipi. Akisitasita, pesa zako zikae kibindoni.