Unauguza mgonjwa, na kidonda chako mwenyewe hakifungi

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Anamuuguza baba yake aliyepooza upande mmoja, mwenyewe alijifungua kwa upasuaji miezi michache nyuma, na pembe moja ya mshono mpaka leo inatoa majimaji. Akaniuliza kama kuna mafuta ninayoyajua.

Mafuta sina. Na kabla sijaanza kusimulia ya kwangu, dada, rudi hospitali walikokupasua. Mshono wa muda huo kutoa majimaji ni kazi ya daktari, na ukiona usaha, homa, harufu au wekundu unaosambaa, usisubiri hata kesho. Haya ninayoandika ni ya ziada, ya yule ambaye vipimo vyote vimesoma sawa na bado kidonda kinamkejeli.

Mama yangu alipopata kiharusi, hapakukaliwa kikao. Mimi nashona nguo nyumbani, wenzangu wanatoka asubuhi kwenda kazini, basi ikaonekana mimi ndiye mwenye nafasi. Mtu anayekuambia una nafasi hajawahi kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asichubuke mgongo. Kuna kumwogesha, kumlisha uji taratibu asipaliwe, dawa za presha, kufua mashuka mvua inanyesha. Usiku anaita. Ukienda hakumbuki alichokuitia, ukirudi kulala anaita tena. Cherehani ilipata vumbi, wateja wakahamia kwa mwingine. Sitaki kulieleza hilo zaidi, bado linaniuma.

Katikati ya hayo bati la banda la kuku likanichana kwenye muundi. Zahanati wakaosha, wakashona, wakanichoma sindano ya pepopunda. Nyuzi zikatolewa na kidonda kikaachia. Kikawa kinafunga juu, baada ya siku kadhaa kinafunguka tena. Wiki zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwingine. Nikapimwa sukari, ikawa sawa. VVU, sina. Wingi wa damu, hauna shida. Mtaani majibu yalishatoka zamani: kuna waliosema kidonda ndugu, kuna waliosema mkono wa mtu. Shangazi akaja na rangi mbili, zile kapsuli za kuua vijidudu, anataka tupasue kapsuli tunyunyize unga. Nilimkatalia mbele ya watu, tukanuniana, na kwa hilo najisifu mpaka leo. Unga ule haukutengenezwa kwa ajili ya kidonda kibichi. Unaganda juu, chini uchafu unabaki, na vijidudu vinazoea dawa ambayo siku moja utaihitaji kweli.

Muuguzi aliyekuwa ananibadilishia bandeji ndiye aliyeniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nilipomweleza, akasema nitafute mtu wa kunipokea usiku, la sivyo tutaendelea kuonana pale. Nilidhani ananionea huruma tu. Nikaenda kusoma, na nilichokikuta ndicho ninachotaka mkijue.

Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Ohio State, kulikuwa na mtu na mkewe: Ronald Glaser, mtaalamu wa virusi, na Janice Kiecolt-Glaser, mwanasaikolojia. Mwaka 1995 wao na wenzao walichapisha utafiti wa wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu zao waliopoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wanawake 13 wa umri na kipato kinachofanana ambao hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, upana wa milimita 3.5. Cha wauguzaji kilichukua wastani wa siku tisa zaidi kupona. Kidonda ni kile kile, mkono ni mkono, tofauti iko nyumbani!

Mwaka 1998 Janice na wenzake wakarudia kwa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno. Waliwatoboa kwenye kaakaa mara mbili, mara moja wakiwa likizo, mara nyingine siku tatu kabla ya mtihani. Cha wakati wa mtihani kilichelewa kwa asilimia 40. Hao ni vijana, wanakula, wana mtihani tu, hawana mzazi kitandani.

Ilivyo ni kwamba kidonda kikitokea, seli nyeupe za damu hufika kwanza, zinaua vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa, na zinatoa kemikali za kuita seli nyingine zije kujenga. Ni sawa na kiwanja: kabla fundi hajaweka tofali, lazima watu wa kusafisha wawe wamemaliza. Mtu akikaa muda mrefu na wasiwasi na usingizi wa kukatikakatika, mwili wake humwaga homoni za msongo, kotisoli ikiwamo, na kotisoli huzipunguza zile kemikali za kuitana. Wasafishaji wanachelewa, fundi anasubiri, wewe unabadilisha bandeji.

Kuna utafiti mwingine wa mwaka 2005, wa watu na wake zao. Wale wenye uhasama mwingi wakati wa maongezi, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wenye uhasama mdogo. Niliposoma hapo nilimfikiria kaka yangu mkubwa, ingawa hatujaoana.

Basi nikaandika kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Sikulia, sikutukana. Niliandika kwamba mguu wangu hauponi, kwamba nahitaji usiku mbili kwa wiki za kulala moja kwa moja, na kwamba asiyeweza kuja alipe wa kuja. Kimya. Alama za kusoma zote zinaonekana, kimya. Kaka akajibu kesho yake kwamba yeye kila mwezi anatuma hela. Kweli anatuma. Hela haimgeuzi mtu saa nane usiku. Mwishowe mdogo wangu wa kike ndiye aliyevunja kimya, akaja na mtoto mgongoni, akakaa. Kaka akakubali kumlipa binti wa jirani usiku ule mwingine. Kidonda kikaanza kushika kutoka chini, nyama nyekundu, safi. Muuguzi alikipiga picha kwa simu yake. Leo ni kovu, na nalionyesha kwa kila mtu hata asiyeuliza.

Nyinyi mnaouguza, kwa hiyo, ombeni zamu. Ombeni kabla hamjaanguka. Ombeni kwa maneno yenye siku na saa, maana ukisema “nisaidieni jamani” kila mtu anadhani anaambiwa mwenzake. Lala. Kula nyama, maharage, dagaa, mayai, kidonda kinajengwa kwa protini. Na ombeni zamu, narudia, kwa sababu najua mtakayoyafanya: mtasoma hapa, mtaniambia asante dada, halafu usiku mtaamka peke yenu tena. Uvumilivu wa namna hiyo hakuna aliyewaagiza. Na nyinyi ndugu wa mjini mnaosoma kwa siri, mnajijua.

Jambo la chanjo, kwa sababu nimeulizwa. Timu hiyo hiyo mwaka 1996 iliwachanja mafua wauguzaji na wasiouguza, na miongoni mwa wauguzaji ni wachache zaidi walioonyesha ongezeko la kutosha la kingamwili. Msije mkasema basi hakuna haja. Walioitikia wapo, na kinga hiyo mgonjwa wenu naye anaihitaji, maana mafua mnamletea nyinyi.

Pepopunda msiiache kabisa. Mbegu zake zinaishi kwenye udongo na samadi, na bati la banda la kuku limejaa vyote viwili. Kidonda kichafu kikikupata na sindano yako ya mwisho imepita miaka mitano, unahitaji nyingine. Wanawake mliozaa, tafuteni kadi za kliniki, dozi mlizochomwa mkiwa wajawazito zimeandikwa humo, nendeni nazo. Wanaume wengi hawana kadi yoyote. Kaka yangu nilimuuliza alichomwa lini, akasema shule ya msingi, labda.